Maisha ya Gerishom Lusala na Tangi Lisilo na Harufu

Ndugu na marafiki mliokusanyika katika ukumbi huu wa makazi ya wafanyakazi hapa Dubai Investments Park, leo Jumamosi tarehe 25 Oktoba 2025, mkiwamo mliotoka zamu mkaja moja kwa moja na sare zenu, familia ya hayati mzee Chanzu na mama Rispa wa Chavakali, Kaunti ya Vihiga, Kenya, inawashukuru kwa kuja, na imenituma mimi, Mwalimu Lynette, dada mkubwa wa marehemu, niwasomee maisha ya ndugu yetu Gerishom Lusala Chanzu kabla hajapandishwa ndege kesho asubuhi kurudi nyumbani.

Karatasi ya namna hii ina mpangilio wake, nimeisoma mara nyingi kwenye mazishi ya walimu wenzangu, na kila nilipofika mahali pa ugonjwa nilipata la kusoma, tarehe ya kulazwa, jina la ugonjwa, siku ngapi kitandani, lakini Gerishom hakuugua, saa mbili asubuhi alimtumia mkewe picha ya chai na chapati aliyokuwa akila, na saa nne na dakika ishirini na tano madaktari wakasema amekufa, na hata sasa ninaposimama mbele yenu mkono wangu bado unaitafuta simu nimpigie yeye mwenyewe nimweleze kwamba kumetokea jambo nisilolielewa.

Kuna mtu ameketi karibu na mlango, anaitwa Fawaz, mfanyakazi mwenzake Gerishom, ambaye kwa siku kumi hizi amekuwa akitajwa katika simu zetu, hapa na kule nyumbani, kwamba yeye ndiye aliyemuua ndugu yangu kwa kiherehere chake, nami nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, kwa hiyo familia imeamua kwamba jambo hili linyooshwe hapa hapa mbele ya jeneza, na nawaomba mnivumilie nitakapofika hapo nikisoma polepole.

Gerishom alizaliwa tarehe 9 Agosti 1979 nyumbani kwetu Chavakali, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita, siku ya mvua kubwa ambayo mkunga alifika amebeba viatu mkononi, na mimi nikiwa na miaka sita nilitumwa kushika taa ya kandili, kwa hiyo naweza kusema kwamba nilimwona ndugu yangu kabla ya baba yetu kumwona.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia Januari 1986 hadi Novemba 1993, akaendelea na sekondari mwaka 1994 hadi 1997, na hakuwa wa kwanza wala wa mwisho darasani, ila alikuwa na tabia ya kurudia kazi mpaka imridhishe, kama mtakavyoona katika habari ya lango la kanisa, ambalo alilipaka rangi ya buluu Desemba 1995 kwa kujitolea, juu ya kutu, bila kulikwangua, na kufikia Pasaka rangi ikawa inabanduka kama ganda la yai, watu wakamcheka, naye akachukua bapa la jembe akalikwangua lango zima kwa siku tatu, akalipaka upya, na rangi hiyo ya pili ilikaa miaka tisa.

Februari 1999 aliajiriwa Kisumu, katika karakana ya meli za ziwani, kazi yake ikiwa kugonga kutu kwa nyundo yenye ncha, na hapo ndipo alipojifunza kwamba adui wa chuma haonekani anapoanza, huingia kwenye mkwaruzo mdogo usioweza kuingiza hata ukucha, akala chini kwa chini, na wewe ukaendelea kuisifu rangi iliyo juu, na alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja, mpaka tarehe 11 Januari 2011 alipoingia Dubai kwa visa ya mpaka rangi, akapokelewa katika karakana ndogo ya boti ambako amefanya kazi mpaka siku ya mwisho.

Wengi wetu hupita juu ya daraja tukaziona boti za chuma zinazozungusha watalii kwenye mfereji, zinang'aa, zina taa na meza za chakula, wala hatujiulizi tumbo la boti liko katika hali gani, na mimi nilikuwa hivyo hivyo mpaka juzi, msimamizi wao, Bwana Nassor wa Unguja, aliponitembeza karakanani na kunionyesha kazi ambayo ndugu yangu alikuwa akinisimulia kwa miaka kumi na minne nami nikiitikia tu.

Boti hutolewa majini kila baada ya muda, ikawekwa juu ya magogo, ikakwanguliwa kome na majani ya bahari, kisha ikapigwa mchanga kwa mashine mpaka chuma kiwe na rangi ya kijivu kama sufuria mpya, halafu huoshwa kwa maji baridi kuondoa chumvi, kwa sababu chumvi ikibaki hata kidogo chini ya rangi kutu huendelea na kazi yake humo ndani, na Gerishom, baada ya kifaa cha kupimia chumvi kusoma, alikuwa akigusa chuma kwa kidole na kukilamba, na kama hajaridhika alisema, "Bado kuna supu hapa, osheni tena," na wenzake wakanung'unika, lakini wakaosha.

Asubuhi alikilaza kiganja juu ya chuma kuona kama kimetoa jasho, maana hewa ya hapa huwa nzito na chuma hulowa kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na rangi ikipakwa juu ya jasho hilo haishiki, na mchana hakukubali kupaka kwa kuwa chuma kimechemka na rangi hukauka kabla haijatandaa, hivyo palikuwa na saa chache tu za kazi nzuri, na katika saa hizo alianza kwa brashi ndogo kupitia kingo na mishono yote iliyochomelewa, mahali ambapo rangi hukimbia ikabaki nyembamba, ndipo akaruhusu mashine ipulize rangi ya msingi, kisha mikono miwili, tabaka juu ya tabaka, ya rangi ngumu, na mwisho ile rangi inayowazuia kome kushika.

Fawaz alifika karakanani Machi 2019, akitokea Malindi, akiwa na miaka ishirini na minane na hajawahi kushika kazi ya boti ya chuma, na wiki yake ya kwanza, kwa nia njema kabisa, alivipaka rangi vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye tumbo la boti, ambavyo kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi ili boti isiliwe, na ambavyo vikipakwa rangi haviwezi kazi hiyo, na Gerishom alipoona vile vipande vinang'aa alikaa chini akacheka mpaka akalia, akamwambia, "Wewe mtu wa pwani, nani alikutuma umtie hina bibi harusi huyu?" naye Fawaz akamjibu, "Kaka Geri, wewe mtu wa bara boti uliijulia wapi, kwenye sufuria ya ugali?" na tangu siku ile wakawa ndugu, Fawaz akifanya kila kitu kama alivyofundishwa, akiuliza mara mbili kabla ya kugusa, na wenzake wakamwita Kaka Rudia.

Kuhusu ndoa, Gerishom alimwoa Dorah, binti kutoka Molo, Jumamosi tarehe 20 Desemba 2008, katika kanisa la nyumbani Chavakali, na Mungu akawajalia watoto wawili, Gibson, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 2009, na Wangari, aliyezaliwa tarehe 17 Juni 2014, ambao nimekuwa nikiishi nao mimi tangu Dorah alipokuja Dubai Mei 2016 kufanya kazi ya ushonaji kule Satwa, na wote wawili walikuwa na chumba chao Al Nahda, katika nyumba ya kushirikiana na watu wengine, ambamo Gerishom alikuwa hapandi kitandani mpaka Dorah amemkagua masikio, kwa sababu vumbi la mchanga lilijificha humo na kulichafua shuka, na Dorah ameniruhusu niseme hivyo kwa kuwa ndicho kitu anachokikosa zaidi kila jioni.

Sasa nafika mahali ambapo ningesoma habari za ugonjwa.

Boti ya chuma yenye urefu wa mita ishirini na mbili, inayofanya safari za mfereji, ilitolewa majini tarehe 6 Oktoba mwaka huu, na katika sehemu ya nyuma ya boti hiyo, chini ya sakafu, kuna tangi tupu, chumba kidogo cha chuma ambacho hakiwekwi kitu chochote, kazi yake ni kuisaidia boti kuelea, na ambacho mara ya mwisho, Agosti mwaka jana, Gerishom alikisafisha mpaka chuma kikawa kitupu, akaomba siku mbili zaidi akipake rangi, lakini wenye boti walikuwa na wageni wao, wakasema khalas, yalla, yaani imetosha, haraka, irudi majini, kwa hiyo kifuniko kikafungwa kwa bolti, ndani mna chuma kitupu na unyevu wa chumvi, na kikakaa hivyo miezi kumi na minne.

Wapaka rangi wana mazoea yao, nanyi mlio wa kazi hii mnayajua kuliko mimi, kwamba kinachoogopwa ndani ya tangi ni harufu, harufu ya rangi, ya thina, ya mafuta, na penye harufu hizo huletwa kipima hewa na feni, hakuna mzaha, lakini penye tangi tupu lililofungwa bila rangi wala mafuta, mtu hupiga magoti, huingiza kichwa, hunusa, na kama hakuna harufu husema pua imenyamaza, akaingia, na ndugu yangu alikuwa amefanya hivyo mara nyingi tangu Kisumu, na hivyo ndivyo alivyowafundisha wengine.

Jumatano tarehe 15 Oktoba, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kifuniko kilifunguliwa, na muda mfupi baadaye Fawaz akashuka ngazi, akafika kwenye daraja la nne, miguu ikamwishia, akaanguka chini bila kupiga kelele, na Gerishom, aliyekuwa hatua chache tu akipitisha brashi kwenye mishono, alitupa brashi, akaita kamba, akavuta pumzi, akashuka, na Bwana Nassor anasema aliyaona mashavu yake yamejaa hewa, maana yake alikuwa ameshaelewa kwamba hewa ya mle ndani haifai kuvutwa, akambeba Fawaz begani, akamsukuma juu mpaka mikono ya watu ikamfikia, wakamvuta, kisha yeye akashika ngazi ili apande, lakini pumzi ile ilikuwa imekwisha, akafungua mdomo, akaachia.

Daktari na mkaguzi wametueleza kwamba chuma kinapopata kutu hukila ndani ya hewa kile kile tunachokivuta sisi ili tuishi, na katika chumba kilichofungwa hukimaliza polepole, na hewa inayobaki haina rangi wala harufu, mtu huivuta mara moja au mbili akaanguka, na mimi kwa miaka ishirini na saba nimewafundisha watoto kwamba mshumaa ukifunikwa kwa glasi huzimika, lakini sikujua, wala ndugu yangu aliyepambana na kutu kwa miaka ishirini na sita hakujua, kwamba kutu inaweza kufanya hivyo kwa mtu.

Simu ilinikuta darasani, saa nne kwa saa za Kenya, nikiwafundisha gredi ya kwanza kuandika saba, na niliposikia maneno ya Dorah niliiweka simu mezani nikaendelea kuandika saba ubaoni, saba nyingi, mpaka mwalimu wa darasa la pili alipokuja kunishika mkono.

Habari iliyotangulia kunifikia ilikuwa kwamba Fawaz aliingia bila kuuliza, na Gerishom akafa kwa ujinga wa mwingine, na nilipofika hapa Jumatatu nikamkuta Fawaz mlangoni Al Nahda, ametoka hospitali, amenyoosha mkono kunipa pole, sikuupokea, nilipita kana kwamba pale pamesimama kiti, naye akaondoka.

Alhamisi Bwana Nassor alikuja kutuona mimi na Dorah, akakataa chai, akasema, "Mwalimu, mie sikuja kuwatia uchungu juu ya uchungu, lakini huyu bwana kaubeba mzigo usio wake, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu mawili, alinusa akauliza, 'Kaka Geri, pua imenyamaza, nishuke?' na marehemu akamjibu, 'Teremka, nakuja na taa,' na kabla hajatia mguu akauliza tena, kama kawaida yake, na marehemu akacheka akamwambia, 'Wewe Kaka Rudia, nimesema teremka.'"

Dorah akampigia Fawaz simu, akaja, akakaa ukingoni mwa kiti, nikamuuliza kwa nini ameacha watu wamtukane siku zote hizi na hakulisema jambo hilo hata kwa wakaguzi, akasema, "Mwalimu, yeye hawezi kujitetea tena, nami alinitoa mle ndani kwa mabega yake, sasa nimharibie jina?" na hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya simu.

Ndugu waombolezaji, mimi ni mwalimu, nimewahi kuandika kosa ubaoni, watoto arobaini wakalinakili kwenye madaftari yao kwa mwandiko mzuri, na nilipoligundua sikumkosoa hata mtoto mmoja, nilifuta ubao, nikawaomba msamaha, kwa hiyo leo, kwa niaba ya ndugu yangu ambaye hakupata nafasi ya kufuta, nasema mbele yenu kwamba Gerishom alikosea, alifundisha kosa alilofundishwa, Fawaz alifanya vile alivyoambiwa na mtu aliyemwamini, na Gerishom alipoliona kosa lake alishuka kulirekebisha kwa mwili wake, na kulisema hili halimpunguzi ndugu yangu mbele yangu hata kidogo, lakini kulificha kungemmaliza Fawaz, na kungewaacha ninyi mnaorudi kazini Jumatatu mkiamini pua.

Nawaomba, kwa upole wote nilio nao, msiiamini pua, tangi lililofungwa lipimwe hewa hata kama halina kitu, hata kama mlilisafisha wenyewe, hata kama mwenye boti anawaambia yalla, na Bwana Nassor amenihakikishia kwamba tangi lile sasa liko wazi, lina feni, na hakuna atakayeshuka kabla ya kipima hewa kusema.

Marehemu ameishi miaka arobaini na sita, miezi miwili na siku sita, ameacha mjane, Dorah, watoto wawili, Gibson na Wangari, mama yetu Rispa, na sisi ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea na kuhangaika naye zaidi ya nusu saa hata pale walipojua, inawashukuru majirani wa Al Nahda waliompisha Dorah jikoni na kumpikia, wakamfulia, na kulala sebuleni asikae peke yake, inawashukuru mafundi wenzake Dorah wa Satwa waliomshonea Gerishom kwa siku moja suti aliyoivaa leo, na inamshukuru Bwana Nassor, ambaye baada ya Gerishom kuanguka alisimama juu ya lile shimo, akawasukuma watu waliotaka kushuka, wakimtukana na kumpiga ngumi, akakaa pale dakika kumi na moja mpaka vifaa vya kupumulia vilipofika, maana bila yeye leo pangekuwa na majeneza mengine katika ukumbi huu.

Fawaz, mikono yangu yote miwili inakungoja nikimaliza kusoma, na ninakuomba msamaha mbele ya watu kwa kuwa nilikunyima mkono mbele ya watu.

Dorah anaomba uwe mmoja wa watakaolibeba jeneza kutoka hapa, ushike upande wa kichwa, na kesho usafiri nasi mpaka Chavakali, ili Gibson na Wangari wasikie habari za baba yao kutoka kwa mtu aliyekuwa naye, na ukija najua utatushangaa kwamba tumemweka mtu siku nyingi hivi bila kumzika, lakini ndivyo mila zetu zilivyo.

Baba mdogo wetu, ambaye wiki iliyopita alisema usikanyage ua wake, nilimpigia jana nikamsomea karatasi hii yote kwenye simu, naye akauliza, "Huyo mgeni ni Mwislamu?" nikasema ndiyo, akasema, "Basi mwambie kwamba yule jirani wa sokoni, Aidarus, Mwislamu mwenzake, nimeshamwita aje amchinjie kuku, asije akafika kwetu akalala na njaa."

Gerishom, mwana wa mama yangu, kazi yako wameipokea wenzako, pumzika kwa amani.